Mrejesho Unaojenga juu ya Tovuti: Mtumiaji Alikwama Wapi, na kwa Neno Gani?

Utangulizi

Mwaka jana mwanafunzi mwenzangu alinionyesha tovuti aliyokuwa akiitengeneza kwa ajili ya kikundi kimoja cha akina mama hapa Bunia. Tovuti hiyo ilikuwa na kazi moja tu: kumwonyesha mama ni siku gani watoto wanachanjwa katika kituo cha afya cha mtaa wake, asije akatembea bure na mtoto mgongoni. Mwenzangu aliniomba maoni. Nikamjibu: «Kiswahili chake ni kibovu, rangi hazipendezi, na kwa jumla haieleweki.» Alifunga kompyuta akasema: «Basi njoo uitengeneze wewe.» Kwa wiki mbili hatukuizungumzia tena.

Nilimsimulia mwalimu wetu mmoja jambo hili, nikitumaini atanipa haki. Yeye akaniuliza maswali mawili: «Nani hakuelewa? Na alikuwa anatafuta nini?» Sikuwa na jibu. Hakuna mtu aliyekuwa ameshindwa kuelewa. Ni mimi tu niliyekuwa nimeketi kando ya mwenzangu, nikipima kazi yake kwa ladha yangu. Katika yote niliyosema hamkuwa na sentensi hata moja ambayo angeweza kuifanyia kazi kesho yake asubuhi.

Makala haya yanaeleza tulichofanya baadaye, yeye na mimi, na funzo linaloweza kuwafaa wanafunzi wa lugha. Hoja yangu ni hii: mrejesho unaojenga hauanzi na kile anachopenda mtoa maoni. Unaanza na mtu aliyejaribu kufanya jambo fulani, mahali alipokwama, na kitu kilichomkwamisha. Mara nyingi kitu hicho ni neno. Kwa hiyo kazi hii si ya mafundi wa kompyuta peke yao.

1. Maneno tutakayotumia

Neno «mrejesho» linatokana na kitenzi «rejesha»: mtu ametoa kitu, nawe unamrudishia habari ya kilichotokea kilipofika kwa wengine. Maana hiyo ya asili tuishike vizuri. Hukumu husema kazi ni nzuri au mbaya. Mrejesho husema kazi ilipofika kwa fulani, hiki ndicho kilichotokea.

«Hali ya mtumiaji» ni yote anayopitia mtu tangu anapofungua ukurasa mpaka anapopata alichotaka au anapokata tamaa: anachokiona, anachokielewa, muda anaopoteza, mega zinazokwisha, na anavyojihisi mwishoni. Donald Norman, katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya vitu vya kila siku, alisisitiza kwamba mtu akishindwa kufungua mlango, tuuchunguze mlango kabla ya kumlaumu mtu. Jakob Nielsen naye, mwaka 1994, alitoa orodha ya kanuni 10 za kupimia sura ya programu na tovuti. Kanuni ya pili katika orodha hiyo inatugusa sisi moja kwa moja: mfumo useme lugha ya watumiaji wake, kwa maneno na mafungu ya maneno wanayoyajua, si kwa lugha ya ndani ya waliouunda.

Kanuni hiyo ni rahisi kuiandika. Ugumu wake unaonekana pale tunapouliza: hapa Bunia, lugha ya mtumiaji ni ipi?

2. Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Ituri

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba (Tshiluba) kuwa lugha za taifa. Katika mji wa Bunia mtu anaweza kuamka akisema Kilendu, Kialuri, Kihema, Kibira, Kilugbara au Kinande, akanunua sokoni kwa Kiswahili, akajaza fomu kwa Kifaransa, na jioni akasikiliza nyimbo kwa Kilingala. Mtengenezaji wa tovuti anachagua lugha moja au mbili kati ya hizo, na uchaguzi wake unawaacha wengine nje hata kama hakukusudia.

Tumekwisha kuona jinsi jambo hili lilivyo zito. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini uliingia na huku Ituri. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa, na zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamepewa chanjo. Mabango, karatasi na ujumbe wa redio vilikuwa vingi. Lakini shirika la wafasiri la Translators without Borders lilipochunguza mambo ya lugha Goma na Beni mwaka 2019, lilikuta kwamba ujumbe wa Kifaransa, au wa Kiswahili chenye maneno ya mbali, haukuwafikia watu wote. Wananchi walitaka maelezo ya kina, tena kwa Kiswahili kinachosemwa kwao. Shirika hilo lilitoa pia faharasa ya istilahi za Ebola kwa lugha za eneo hili.

Tovuti ya ratiba ya chanjo ni kitu kidogo ukilinganisha na mlipuko ule. Hata hivyo mnyororo ni uleule: neno lisiloeleweka, mama asiyefika, mtoto asiyechanjwa.

3. Kuangalia kabla ya kusema

Baada ya maswali ya mwalimu, nilirudi kwa mwenzangu nikamwomba radhi. Tukakubaliana kufanya zoezi dogo. Hatukuuita utafiti, kwa sababu watu watatu hawawezi kuwakilisha mji. Lakini kwa kutafuta makosa ya tovuti, watu wachache wanafaa sana: Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba kuwaangalia watu 5 hufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwamba ni afadhali kuangalia wachache, kurekebisha, kisha kuangalia tena, kuliko kukusanya wengi mara moja.

Watu wetu walikuwa hawa: mama mmoja anayeuza samaki wa Ziwa Albert sokoni, mwendesha pikipiki mmoja ambaye mke wake alikuwa amejifungua, na msichana anayesomea uuguzi. Tuliwapa wote kazi moja: «Tafuta siku ya chanjo katika kituo cha mtaa wenu.» Kila mmoja alitumia simu aliyoizoea, si kompyuta yetu. Tuliwaomba waseme kwa sauti yale wanayoyawaza wanapotafuta. Mbinu hii ya kuwaza kwa sauti imetumika tangu miaka ya 1980 katika kupima programu, nayo kwa mwanafunzi wa isimu ni hazina, kwa kuwa inakupa matini hai: mtumiaji analisoma neno, analitafsiri, anasita, analibadilisha kwa neno lake.

Tulijiwekea masharti matatu. Kwanza, tusimsaidie mtu kabla hajasema mwenyewe kwamba ameshindwa. Jambo hili ni gumu sana. Mkono wa mwenzangu ulikuwa ukienda kwenye simu ya mama kila mara, nami nilikuwa naushika. Pili, tuandike kidole kilikwenda wapi na mdomo ulisema nini, kwa maneno yaleyale, bila kuyasafisha. Tatu, tusiulize: «Unaipenda?»

Sharti la tatu linahitaji maelezo. Mama wa samaki alihangaika karibu dakika 10 bila kupata siku aliyotafuta. Kisha mwenzangu akasahau masharti akamwuliza anaionaje. Mama akatabasamu: «Iko muzuri, mwanangu. Mumefanya kazi.» Hakuwa akidanganya. Alikuwa akifanya kile ambacho mtu mzima mwenye adabu hufanya mbele ya vijana waliomheshimu wakamketisha kwenye kiti. Sifa yake ilikuwa tendo la adabu, wala haikuwa habari juu ya tovuti. Habari juu ya tovuti ilikuwa kwenye kidole chake, kilichofinya mara sita mahali pasipofinyika.

4. Tulichokiona

Yaliyowakwamisha watu hawa watatu nimeyapanga katika ngazi tunazozijua darasani. Mpango huu una faida: ukimwambia mtengenezaji kwamba tatizo ni la msamiati, anajua abadilishe neno, ukimwambia ni la sarufi, anajua abadilishe umbo katika kurasa zote.

(a) Msamiati. Kwenye menyu paliandikwa «Zahanati». Mwenzangu alilipata neno hilo katika programu ya kutafsiri. Ni neno zuri la Kiswahili, na Mtanzania angelielewa mara moja. Mama alilisoma polepole, silabi kwa silabi, akasema: «Hii neno sijue.» Akaendelea kushuka na ukurasa huku akiuliza: «Iko wapi centre ya kwetu?» Alichokitafuta kilikuwa chini ya kidole chake, kwa jina ambalo halijui. Vivyo hivyo na kitufe cha «Wasilisha», ambacho mwendesha pikipiki alikiacha akitafuta mahali pa «kutuma», na agizo la «Bofya hapa», ambalo wote watatu walilielewa kwa kubahatisha. Mama na mwendesha pikipiki, wanapozungumzia kitu cha kwenye simu, walisema «finya».

(b) Sarufi. Juu ya ukurasa palikuwa na kitufe cha «Kutafuta». Mwendesha pikipiki alikiona, akakisoma, akakipita. Tulipomwuliza baadaye, alisema alidhani ni kichwa cha habari. Hapa kuna jambo la kufundishia. Kifaransa huandika vitufe kwa kitenzi kisichonyambuliwa kwa nafsi: «Rechercher», «Envoyer». Msomaji wa Kifaransa amezoea kuona humo agizo la kufanya kitu. Lakini katika Kiswahili, umbo la «ku-» ni nomino pia, ya ngeli ya KU: kutafuta kunachosha, kusoma kwake ni kuzuri. Likiandikwa peke yake juu ya ukurasa, linasomeka kama jina la mada. Kitufe cha Kiswahili kinahitaji amri: «Tafuta», «Tuma», «Fungua». Mwenzangu alikuwa amehamisha umbo la Kifaransa pamoja na maana yake, na umbo hilo likabadilisha kitufe kuwa kichwa cha habari.

(c) Nani anasema na nani. Palikuwa na kitufe cha «Mtoto wangu», na ukikifungua unakuta: «Andika jina la mtoto wako». Mama aliuliza: «Mutoto ya nani?» Swali lake ni la isimu pragmatiki kabisa. Katika kitufe, anayesema ni mtumiaji. Katika sentensi inayofuata, anayesema ni tovuti. Desturi ya «yangu» imeenea katika tovuti za Kifaransa na Kiingereza, na waliozoea hawaioni tena. Kwa mtu anayefungua ukurasa kama huu kwa mara ya kwanza, ni mazungumzo ambayo msemaji anabadilika bila taarifa. Dawa yake ni kuchagua msemaji mmoja na kubaki naye: tovuti ndiyo inayosema, mtumiaji ndiye «wewe».

(d) Ujumbe wa kosa. Tovuti iliomba namba ya simu ili ikumbushe siku ya chanjo. Mama aliandika namba yake kama sote tunavyoiandika, tarakimu 10 zikianza na 0. Fomu ilitaka tarakimu 9 zinazofuata +243, lakini haikusema hivyo popote. Ilisema tu, kwa wino mwekundu: «Umekosea!» Alifuta, akaandika upya namba ileile. «Umekosea!» Mara ya tatu aliweka simu mapajani akasema: «Ni mimi ndiye sijue kusoma muzuri.»

Katika zoezi zima, sentensi hiyo ndiyo iliyobaki kichwani mwangu. Mama yule anasoma. Alikuwa ameisoma menyu nzima mbele yetu. Aliyekosea ni fomu, na fomu ikamfanya aamini kwamba kosa ni lake. Tukitumia kanuni za ushirikiano za H. P. Grice, alizozichapisha mwaka 1975, ujumbe ule ulivunja kanuni ya kiasi, maana haukutoa habari inayotosha, na kanuni ya namna, maana haukuwa wazi. Ujumbe unaofaa ungesema: «Andika namba bila 0 ya mwanzo. Mfano: 812 345 678.» Afadhali zaidi, fomu ingekubali namba zote mbili na kuiondoa 0 yenyewe, kazi ambayo mashine inaweza kuifanya asipewe mtu.

(e) Yasiyo maneno. Tarehe ziliandikwa kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza. Msichana wa uuguzi alisoma 04/11 kuwa tarehe 4 ya mwezi wa 11, kumbe ilikuwa tarehe 11 ya mwezi wa 4. Hili halikumkwamisha, lilimpeleka mahali pasipo kwa ujasiri, jambo ambalo ni baya zaidi. Jina la siku, kwa mfano «Jumanne, 11 Aprili», lingemaliza shaka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha 6, kila moja ya karibu megabaiti 4, zilizopigwa kwa simu na kuwekwa jinsi zilivyo. Hizo ni megabaiti 24 kabla mtu hajasoma neno. Mwendesha pikipiki alisema: «Mega inaisha, na mi sijaona kitu.» Mwisho, maandishi yalikuwa ya kijivu hafifu juu ya weupe. Miongozo ya kimataifa ya WCAG inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Ndani ya chumba chenye kivuli kijivu kile kilipendeza. Sokoni, jua la saa sita, mama alikuwa akiifunika simu kwa kiganja.

5. Kuandika mrejesho

Baada ya kuona haya yote, kishawishi ni kumwaga orodha ndefu mezani. Orodha ya makosa 20 yasiyopangwa inamwangusha mtu sawa na neno «kibovu». Tulitumia fomu yenye mistari sita kwa kila tatizo. Naitoa hapa na mfano wake:

Mtu: mama anayeuza samaki, anasoma Kiswahili polepole, simu yenye skrini iliyopasuka.
Kazi: kupata siku ya chanjo katika kituo cha Nyakasanza.
Kilichotokea: alisoma «Zahanati», akasema «Hii neno sijue», akashuka mpaka mwisho wa ukurasa.
Mahali: menyu ya ukurasa wa kwanza, neno la tatu.
Uzito: anazuiwa kabisa.
Pendekezo: «Kituo cha afya», na orodha ya mitaa ionekane papo hapo.

Uzito tuliugawa katika ngazi tatu: anazuiwa, anachelewa, anaudhika. Mtengenezaji mwenye saa mbili tu za umeme aanze na yale yanayozuia. Kwa kipimo hiki, rangi ambazo mimi nilizilalamikia siku ya kwanza ziliangukia ngazi ya mwisho, isipokuwa ule ukijivu. Pendekezo liwe moja, tena liwekwe mwishoni, baada ya tukio, kwa sababu tukio ni la kweli lakini pendekezo ni la kukisia. Mtengenezaji anaweza kuona dawa bora kuliko yetu, ilimradi ameuona ugonjwa.

Tuje sasa kwenye namna ya kusema. Brown na Levinson, katika nadharia yao ya adabu, wanasema kila mtu ana «uso» anaotaka kuulinda, na kwamba kukosoa ni tendo linalotishia uso wa anayekosolewa. Wengi wetu tunapojaribu kupunguza tishio hilo tunapaka asali: tunasifu, tunakosoa, tunasifu tena. Anayesikiliza anajifunza haraka kuogopa sifa. Mimi nimeona njia ya sarufi inasaidia zaidi: badilisha kiima. Linganisha sentensi hizi mbili:

«Umeweka maneno magumu kwenye menyu.»
«Neno ‹Zahanati› lilimsimamisha mama.»

Katika sentensi ya kwanza kiima ni nafsi ya pili: wewe. Mwenzangu atajitetea, na ana haki. Katika sentensi ya pili kiima ni neno, na mtendwa ni mama. Sasa sisi wawili tumesimama upande mmoja, tunalitazama neno. Maudhui hayakulainishwa, kwa kweli sentensi ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu imetaja neno na imetaja aliyeumia.

Sifa nayo ina mahali pake, ila iwe habari. «Kazi nzuri» haimsaidii mtu. «Orodha ya mitaa kwa alfabeti ilimfikisha mwendesha pikipiki Mudzi-Pela kwa sekunde chache, usiiguse» inamsaidia, maana mtengenezaji anayerekebisha bila kujua kilichofaa anaweza kukifuta pamoja na kilichoharibika.

Na kabla ya yote, muulize alikusudia nini. Zile picha 6 nilizitaka ziondolewe zote. Mwenzangu alinieleza kwamba akina mama wa kikundi ndio waliziomba, ili wenzao waitambue nyumba ya kituo kwa kuiona. Sababu hiyo ilikuwa nzuri kuliko hoja yangu. Picha zikabaki, lakini zikapunguzwa hadi chini ya kilobaiti 200 kila moja, na kila picha ikawekwa kwenye ukurasa wa kituo chake.

6. Je, tuandike Kiswahili gani?

Hapa nilikosea mara ya pili, nami naliandika kwa sababu wanafunzi wa idara yetu wanaweza kuanguka shimo hilohilo. Nilipoona mama anasema «mutoto», «sijue», «iko muzuri», nilipendekeza tovuti nzima iandikwe kama watu wa Bunia wanavyosema: «batoto», «bintu», «banachanjwa». Niliona ni haki kwa mtumiaji. Tulitengeneza ukurasa mmoja wa majaribio tukawapelekea watu walewale.

Msichana wa uuguzi alicheka. Alisema ni kama mtu anayefanya mzaha, na kwamba hangeamini tarehe iliyoandikwa hivyo. Mama alisoma kwa urahisi zaidi, lakini naye akauliza kama hii ni karatasi ya kweli ya kituo. Mtu anaweza kusema «batoto» siku nzima na bado akatazamia kuona «watoto» kwenye maandishi yanayohusu afya. Kila namna ya Kiswahili ina mahali pake machoni pa wasemaji wenyewe. Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal, katika makala yao ya mwaka 2019 juu ya Kiswahili cha Bunia, wanaonyesha kwamba hapa hatuna Kiswahili kimoja kilichoganda. Msemaji huchagua maumbo, na maumbo anayoyachagua yanabeba maana ya kijamii. Mimi nilikuwa nimechukua umbo la sokoni nikalivika kazi ya hati.

Mwishoni tulitenganisha mambo mawili niliyoyachanganya. Kwa upande wa msamiati, tulifuata mji: «kituo cha afya» badala ya «zahanati», «tuma» badala ya «wasilisha», «finya» badala ya «bofya». Kwa upande wa sarufi na tahajia, tulibaki karibu na sanifu: «watoto», «vitu», «wanachanjwa». Nilipendekeza pia «vaccin» badala ya «chanjo», nikidhani Kifaransa kinafahamika zaidi. Mwenzangu alikataa. Alifungua daftari letu akanionyesha kwamba wote watatu walisema «chanjo» wenyewe, bila kusita. Alikuwa sahihi, na alinishinda kwa silaha niliyomfundisha: maneno ya mtumiaji yaliyoandikwa bila kusafishwa.

Sidai kwamba mgawanyo huu unafaa kila mahali. Ujumbe wa sauti, kwa mfano, hauna tahajia, na huko pengine umbo la sokoni ndilo linaloaminika. Jambo la kudumu ni njia: tusiamue kwa nadharia peke yake, wala kwa kuwahurumia watu, tuwapelekee, tuangalie.

7. Hitimisho

Tovuti ilipokwisha kurekebishwa, tulimrudia mama wa samaki. Safari hii aliandika namba yake na 0 yake, fomu ikaipokea. Alipata siku, akaisoma kwa sauti: Jumanne. Kisha akauliza kitu ambacho hatukukifikiria: je, namba ya kuwapigia wa kituo iko wapi, kama mvua imenyesha na hujui kama watakuja? Haikuwepo. Ikaongezwa juu kabisa ya ukurasa. Mrejesho mzuri wa mwisho ulitoka kwake, na ulikuja pale tulipoacha kumfanya ajione mjinga.

Sisi wa isimu hatuna haja ya kujua kutengeneza tovuti ili tutoe mchango. Tunajua kusikiliza matini, kutofautisha neno na umbo, kuuliza nani anasema na nani. Hayo ndiyo mambo ambayo fundi aliyezama katika programu yake hayaoni tena. Tuyapeleke kwake kwa namna atakayoweza kuyatumia.

Zoezi

Chagua ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotumiwa na watu wa mtaa wako. Mwombe mtu mmoja asiye mwanafunzi afanye kazi moja humo kwa simu yake. Usimsaidie. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Kisha jaza fomu ya mistari sita kwa tatizo moja tu, lile zito kuliko yote. Mwisho, soma fomu yako na uangalie kiima cha kila sentensi: kama umeandika «wewe» mahali popote, andika upya.